Mpe Kipa Mtu Wake

Nenda jioni kwenye uwanja wowote wa watoto kati ya Tanga mjini na mpaka wa Horohoro, halafu usiufuate mpira kwa macho. Mwangalie kipa. Wenzake wanakimbia, wanapigiana pasi, wanapita kwenye koni. Yeye yuko nyuma ya goli, anaokota mipira iliyotoka nje na kuirudisha. Mazoezi yakikaribia kwisha, kocha anaita: "Kipa, njoo!" Vijana kumi na tano wanapanga foleni kwenye mstari wa kumi na nane, kila mmoja anapiga shuti kwa nguvu zake zote. Yanapigwa mashuti arobaini, mengi yanaingia wavuni, kisha adhana ya magharibi inasikika na watoto wanatawanyika. Kipa anarudi nyumbani akiwa amejifunza jambo moja tu: kwamba yeye ni mtu wa kufungwa.

Nami nilifundisha hivyo kwa miaka kadhaa, nikiamini kwamba kipa akipigiwa mashuti mengi atazoea. Hakuzoea. Alianza kufumba macho. Ndiyo maana leo nawaandikia walimu wenzangu wa timu za watoto, hasa ninyi wa Horohoro, Duga na Moa, mnaofundisha kwa kujitolea baada ya kazi. Ninalotaka kusema ni moja: kipa hatengenezwi kwa kupigiwa mashuti. Hutengenezwa kwa kupewa mtu wake, muda wake na hatua zake. Hayo matatu yanawezekana hata kwenye timu isiyo na mfuko.

Kwa nini tuhangaike na mtu mmoja

Wahenga walisema kamba hukatikia pabovu. Timu ya watoto inaweza kuwa na mawinga wa kutisha, lakini mechi ikapotea kwa mpira mmoja uliopita katikati ya miguu ya mtoto asiyewahi kuonyeshwa namna ya kuinama.

Tazameni pia juu tunakotaka vijana wetu wafike. Msimu wa 2023/24, Wagosi wa Kaya, Coastal Union, walimaliza Ligi Kuu wakiwa nafasi ya nne na kupata nafasi ya kucheza Kombe la Shirikisho Afrika. Golini alikuwa Ley Matampi, Mkongomani, ambaye msimu huo alitajwa kuwa kipa bora wa ligi. Yanga nao walimtegemea Djigui Diarra kutoka Mali. Wageni hawa wameiinua ligi yetu na nawaheshimu. Lakini kila ninapowatazama najiuliza ni watoto wangapi wa wilaya ya Mkinga wenye mikono ya namna ile walioishia kuokota mipira nyuma ya goli.

Maana uwezo tunao. Mwaka 2003 Simba waliwatoa Zamalek, waliokuwa mabingwa wa Afrika, kwa mikwaju ya penalti palepale Cairo, na golini alikuwa kijana wetu Juma Kaseja. Miaka 16 baadaye, Septemba 2019, Kaseja huyohuyo alirudishwa Taifa Stars na kusimama langoni siku Burundi walipotolewa kwa penalti. Agosti 2025, kwenye michuano ya CHAN iliyochezwa hapa kwetu, Kenya na Uganda, Yakoub Suleiman alidaka na Stars wakafika robo fainali. Na hapo ng'ambo ya mpaka, Pwani ya Kenya, wazee wanamkumbuka Mahmoud Abbas wa AFC Leopards, waliyemwita "Kenya One", aliyekuwa langoni enzi Harambee Stars walipotwaa Kombe la Chalenji mara tatu mfululizo, 1981, 1982 na 1983.

Kwanza, mtafute mtu

Kocha mkuu mwenye watoto thelathini hawezi kumfundisha kipa vizuri. Si uvivu, ni hesabu. Tafuta mtu mzima mmoja ambaye kazi yake itakuwa makipa peke yao. Si lazima awe aliwahi kucheza ligi. Horohoro ina mawakala wa forodha, walimu wa shule, madereva wa bodaboda na askari, na miongoni mwao wapo waliodaka shuleni enzi za UMISSETA. Sifa ninazozitafuta ni tatu: anafika kwa wakati, hapayuki, na mkono wake unaweza kurusha mpira mahali anapotaka. Hiyo ya tatu ni kubwa kuliko watu wanavyodhani, kwa sababu miezi ya mwanzo kipa hufundishwa kwa mpira wa kurushiwa kwa mkono zaidi kuliko wa kupigwa kwa mguu.

Akishapatikana, mpeleke kwa chama cha mpira cha wilaya au cha mkoa aulizie kozi. TFF ina kituo chake cha ufundi Mnyanjani, Tanga mjini, na kutoka Horohoro ni kilomita kama 65 tu za lami. Na kabla hajaanza, mtambulishe kwa wazazi. Mazoezi yafanyike uwanjani, mbele za watu, na asikae faragha na mtoto. Mzazi aliyemwona mwalimu kwa macho yake ndiye atakayemruhusu mwanawe arudi nyumbani na magoti yenye vumbi bila kugomba.

Usimchague kwa urefu

Kwenye chandimu kila mmoja anajua kipa anapatikanaje: asiyejua kupiga chenga anapelekwa golini. Timu nyingi zimeirithi tabia hiyo, au zimeibadilisha kwa kosa jingine, la kumchukua mtoto mrefu kuliko wote. Mtoto mrefu wa miaka 11 anaweza kuwa wa kawaida akifika 16, na mfupi akampita. Kaseja hakuwa mtu wa kimo kikubwa, na alidaka kwenye timu kubwa miaka na miaka.

Ushauri wangu ni huu. Hadi miaka 10, kila mtoto akae golini kwa zamu, wasichana kwa wavulana. Kati ya miaka 11 na 13, chukua wanaotaka wenyewe, wasiopungua wawili kila rika, lakini waendelee kucheza na nafasi nyingine. Kuanzia 14, anayependa kweli ajikite golini. Katika kuchagua, angalia nani anaufuata mpira kwa macho mpaka unapoingia mikononi, nani haogopi kuanguka, na nani akifungwa anaomba mpira uanze haraka. Huyo wa mwisho ndiye wangu.

Kuhusu wasichana, msiwasahau. Serengeti Girls walifika robo fainali ya Kombe la Dunia la wasichana chini ya miaka 17 mwaka 2022. Na kama kuna mzazi ana wasiwasi juu ya stara, mweleze kwamba sheria za mpira zinaruhusu kuvaa hijabu uwanjani tangu mwaka 2014, na kwamba kipa kuvaa suruali ndefu na mikono mirefu ni jambo la kawaida kabisa.

Nyenzo zilizopo mtaani

Chombo hakiendi ila kwa nyenzo, lakini nyenzo za kipa wa Horohoro hazihitaji duka la Dar es Salaam.

Ya kwanza ni shimo la mchanga. Ardhi ya viwanja vyetu ni ngumu, na wakati wa kiangazi inakuwa kama sakafu. Mtoto akianguka hapo mara tatu vibaya, hataki tena kuanguka. Chimbeni pembeni ya uwanja shimo la mita 4 kwa 3, kina cha sentimita 30, mjaze mchanga laini uliochekechwa mawe na vipande vya chupa. Kila siku kabla ya kuanza, upekuliwe kwa reki.

Ya pili ni kamba ya katani, mita 30 hivi. Nitaeleza kazi yake hapa chini.

Ya tatu ni glovu. Za mitumba zinafaa, mradi kiganja bado kinanata. Wafundishe watoto kuzilowesha kidogo kabla ya kudaka, kuzifua kwa mkono kwa sabuni kidogo na kuzianika kivulini. Jua la Tanga linaua glovu upesi kuliko mpira. Kama hazipo, wadake mikono mitupu kwa mipira ya kurushiwa. Wengi wetu tulianza hivyo.

Ya nne ni goli lenyewe. Goli la wakubwa lina upana wa mita 7.32 na kimo cha mita 2.44. Ukimweka humo mtoto wa miaka 10, unampima kwa kipimo cha baba yake. Simika miti ya mivinje, upana wa mita 5 na kimo cha mita 2, adake humo mpaka afike 12 au 13. Mpira nao uwe saizi namba 4. Kama mna goli la chuma la kuhamishika, lifungeni ardhini kwa vigingi au viroba vya mchanga kila siku, na msimruhusu mtoto kuning'inia kwenye mtambaa panya. Magoli yasiyofungwa yameua watoto katika nchi nyingi.

Wiki 12, hatua kwa hatua

Panga mafunzo ya wiki 12, siku tatu kwa wiki. Kila siku chukua nusu saa ya kipa na mwalimu wake, kisha arudi kwa wenzake. Piga mipira sita, pumzika, piga sita mingine. Ukipitisha hapo mtoto anachoka, na aliyechoka anaangukia kiwiko.

Wiki ya 1 hadi ya 3 ni mikono na kusimama. Miguu iachane kwa upana wa mabega, magoti yalegee, uzito uwe mbele ya nyayo, viganja viutazame mpira. Mpira wa juu hudakwa vidole gumba vikikaribiana nyuma yake. Mpira wa chini hudakwa vidole vidogo vikikaribiana, kama mtu anayekinga maji bombani, na mguu mmoja ukiwa nyuma ya mikono kama ukuta wa pili. Mpira wa tumboni upakatwe kama mtoto mchanga, mwili ukiinamia mbele. Mwalimu arushe kwa mkono, kutoka hatua nne, kisha sita, kisha kumi. Asiongeze nguvu kabla mpira haujaacha kutemwa.

Wiki ya 4 hadi ya 6 ni kuanguka, na yote yafanyike kwenye shimo la mchanga. Aanze ameketi, mpira ukirushwa pembeni yake. Kisha apige magoti, kisha achuchumae, mwisho asimame. Aangukie ubavu: kwanza upande wa mguu, kisha paja, nyonga, ubavu na bega. Asiangukie kiwiko, wala tumbo, wala mgongo. Mkono wa chini ukae nyuma ya mpira, wa juu ukae juu yake, na ardhi iwe mkono wa tatu. Usimsukume mtoto kuruka kabla hajaacha kuogopa. Wengine huchukua wiki moja, wengine tano, na mwenye kuchukua tano si mbovu.

Wiki ya 7 hadi ya 9 ni pembe, na hapa ndipo kamba ya katani inapofanya kazi. Nakumbuka kijana mmoja wa miaka 13 aliyekuwa akidaka akiwa amegandia mstarini. Nilikuwa nimemwambia "toka, punguza pembe" mpaka sauti ikakauka. Siku moja nikafunga kamba kwenye nguzo zote mbili, nikazivutia ncha mpaka kwenye alama ya penalti na kuweka mpira pale zilipokutana. Nikamwambia asimame mstarini, anyooshe mikono. Kamba zilikuwa mbali naye huku na huku. "Sogea mbele." Akasogea. "Tena." Kila hatua kamba zilikuwa zinamkaribia, mpaka akasimama, akaangalia kulia na kushoto, akasema: "Kocha, kumbe goli linapungua!"

Ndivyo lilivyo, na hesabu yake ni rahisi. Mpira ukiwa mita 11 mbele ya goli, kipa aliye mstarini analinda mita 7.32. Akitoka mita 2, kamba zimeachana mita 6 hivi. Akitoka mita 4, zimeachana mita 4.7. Kisha nikauokota mpira na kuurusha kwa upole juu ya kichwa chake, ukadondokea wavuni. Hapo akaelewa upande wa pili: kutoka kuna kikomo. Rudieni zoezi hilo mpira ukiwa pembeni, kulia na kushoto, mpaka asimame mahali pake kamba ikiwa imeondolewa. Uso kwa uso na mshambuliaji, mfundishe kukaa kwa miguu kadiri awezavyo, ajikunjue na kungoja. Kipa anayelala mapema amemrahisishia mfungaji uamuzi.

Wiki ya 10 hadi ya 12 ni krosi, miguu na sauti. Krosi ianze bila wapinzani, aruke kwa mguu mmoja na goti la pili likiwa juu kumkinga, aukute mpira mahali pa juu kabisa. Asiyeweza kudaka apangue mbali, pembeni, kamwe si katikati. Kuhusu miguu, tangu mwaka 1992 kipa haruhusiwi kushika kwa mikono pasi aliyorudishiwa makusudi kwa mguu na mwenzake, na soka la leo linaanzia kwake. Kwa hiyo mwingize kwenye pasi za mduara na wenzake, kama mchezaji wa kumi na moja aliye kamili. Mwelezeni pia sheria iliyoanza kutumika 2025: akikaa na mpira mikononi zaidi ya sekunde 8, wapinzani wanapewa kona. Na kwenye penalti, mpigaji anapogusa mpira, mguu mmoja wa kipa uwe bado usawa wa mstari au nyuma yake.

Sauti nayo ni ya kufundishwa. Kubalianeni maneno manne tu timu nzima: "Kipa!" maana yake niachieni, "Toa!" maana yake piga mbali, "Mtu!" maana yake una mpinzani nyuma, "Peke yako!" maana yake tulia. Kijana mpole atayasema kwa kunong'ona siku za kwanza. Msimame mita 30 kutoka kwake, na mpira usianze mpaka mmemsikia.

Ratiba ya hapa kwetu

Programu isiyojua maisha ya watoto itakufa mwezi wa pili. Wengi wana madrasa alasiri, kwa hiyo zungumza na ustadhi ujue wanatoka saa ngapi, upange baada ya hapo. Kuanzia saa kumi na nusu jua limelegea. Kabla ya hapo joto la pwani linawamaliza bure. Maji yawepo uwanjani. Mwezi wa Ramadhani ondoa kuanguka na kuruka, fanya mikono na kusimama kwa robo saa kabla ya futari, au pumzisheni kabisa. Masika uwanja ukijaa maji, hamieni kwenye shimo la mchanga na ufundishe sheria na pembe. Mtoto akigongwa kichwani na akaonekana kuduwaa, kutapika au kusahau, atoke, asirudi siku hiyo, apelekwe kituo cha afya.

Mna pia bahati ya mpaka. Kipa hukomaa kwa kukutana na washambuliaji asiowajua, na wa Lunga Lunga, upande wa Kenya, wapo pale mnapowaona. Mkitaka mechi ya kirafiki, fikeni mapema ofisi ya uhamiaji mkaulize utaratibu wa kuvuka na watoto, mkiwa na barua ya shule na ridhaa ya wazazi kwa maandishi. Msivuke kwa njia ya panya kwa ajili ya mpira.

Siku ya lawama

Yote haya yatabomolewa na sentensi moja ya kocha ikisemwa vibaya. Mshambuliaji akikosa mara tano anaambiwa "bahati mbaya". Kipa akikosea mara moja anaambiwa amefungisha, na mashabiki wa mchangani wako tayari kusema ameuza mechi. Niliwahi kumwona mtoto wa miaka 12 akivua glovu katikati ya mechi na kuondoka uwanjani, na mtu mzima aliyemfokea hakumfuata. Mtoto yule hakurudi.

Wekeni kanuni tatu. Bao likiingia, mchezaji wa karibu amfikie kipa na kumwinua. Kocha haongelei kosa la kipa mbele ya timu siku ya mechi. Na makipa wawili wa rika moja wagawane mechi, hata kama mmoja ni bora, kwa sababu asiyedaka hakui.

Badala ya lawama, wekeni daftari. Mwalimu wa makipa aandike kila bao: lilitoka wapi, kipa alisimama wapi, lilikuwa kosa la mikono, la pembe, la uamuzi, au halikuwa lake. Baada ya mechi sita utaona jambo ambalo macho hayakuliona. Kijana wangu wa kamba tulimwita sisi sote "mikono siagi". Daftari lilipofunguliwa, mabao manane kati ya kumi na moja yalikuwa ya pembe. Mikono yake haikuwa na tatizo lolote. Tulikuwa tumemtukana kwa kosa ambalo hatukumfundisha kulikwepa.

Kwa hiyo Jumamosi hii, kabla ya kununua kitu chochote, fanya mambo mawili. Mtafute yule mtu mzima mmoja. Kisha mwite kipa wako atoke nyuma ya goli, mwambie kuanzia leo ana mwalimu wake, na umtajie jina lake.